Mgonjwa Hanywi Jina: Waadhi juu ya Dawa na Mali

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi akaumba na poza yake, akampa mwanadamu akili ya kuitafuta na mali ya kuinunulia. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila awafuatao kwa wema mpaka siku ya malipo.

Amma baad. Katika mambo yapotezayo mali ya Waislamu wa pwani pasipo wao kujua, mojawapo ni bei ya dawa. Mtu atapigania senti kwa muuza samaki hatta sauti ipae, atazunguka maduka manne kutafuta mchele uliopungua bei, lakini akifika duka la dawa huwa kama aliyefungwa ulimi. Hutoa alichoambiwa atoe, akatia kifurushi mfukoni, akaenda zake. Haulizi iliyo ndani ni dawa gani, wala haulizi kama iko nyingine iliyo sawa nayo kwa bei ndogo. Na sababu ya kunyamaza kwake ni mbili: ujinga wa jambo lenyewe, na haya ya kuonekana masikini. Waadhi huu ni wa kuondoa ule ujinga, na kuivunja ile haya.

KHASARA YA JAMBO HILI

Asidhani mtu kuwa khasara yake ni ya fedha tu. Mtu wa namna hii hakosi katika mtaa wowote: baba wa watoto watano, ana maradhi ya presha, daktari amemwamrisha kunywa kidonge kimoja kila siku maisha yake yote. Amezoea kununua dawa ya jina fulani lenye sifa, yenye kasha zuri. Fedha zake zatosha vidonge vya siku 10. Anunua hivyo 10, na siku 20 zilizobaki za mwezi akaa bila dawa, akisema kichwa hakimuumi, basi amepona. Presha haina desturi ya kupiga hodi. Siku moja aamka kwenda kutawadha, mkono wa kulia hauinuki na ulimi umekuwa mzito. Watu wasema ni kijicho au ni upepo mbaya. Kumbe ni kiharusi, na sababu yake ni vile vidonge 20 visivyonunuliwa.

Na lau angaliuliza, angaliambiwa kuwa dawa ile ile, kwa kipimo kile kile, yapatikana kwa jina jingine na kwa bei ambayo fedha zake za siku 10 zingalitosha mwezi mzima. Basi huyu hakupotewa na mali tu. Alipotewa na mkono wake, na kazi yake, na riziki ya watoto wake, kwa ajili ya jina lililoandikwa juu ya kasha.

Maulamaa wamekubaliana ya kuwa sharia imekuja kuhifadhi, pamoja na dini, nafsi ya mtu na mali yake. Jambo hili laharibu vyote viwili kwa pigo moja, ndiyo maana haifai kulinyamazia.

DAWA MOJA, MAJINA MENGI

Kila dawa ya hospitali ina majina mawili. La kwanza ni jina la kiini chake, yaani kile kitu ndani ya kidonge kinachofanya kazi mwilini. Jina hili ni moja karibu ulimwenguni kote, na hutolewa kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, ambalo orodha yake ya kwanza ya majina haya ilitoka mwaka 1953. La pili ni jina la chapa, ambalo mwenye kiwanda hujichagulia mwenyewe, kama wafanya biashara wanavyoweka chapa juu ya majani ya chai na viberiti. Jina la chapa ni mali ya mwenye kiwanda, na mwingine hana ruhusa kulitumia. Dawa iuzwayo kwa jina la kiini, au kwa chapa ya kiwanda kingine baada ya haki ya mvumbuzi kwisha, ndiyo watu wa maduka ya dawa waiitayo jeneriki.

Mathalan, Panadol ni chapa. Kiini chake ni parasetamoli. Calpol wanayopewa watoto, kiini chake ni parasetamoli vile vile, na Tylenol ya Marekani ni hiyo hiyo. Brufen ni ibuprofeni. Flagyl ni metronidazoli. Norvasc ya presha ni amlodipini. Glucophage ya kisukari ni metformini. Ventolin ya pumu ni salbutamoli. Mtu ayajuaye majina haya ya pili, akienda duka lolote, kutoka Lamu mpaka Kilwa, au akisafiri mpaka Maskati na London, ataipata dawa yake hatta kama chapa aliyoizoea haiko.

Na iko faida nyingine katika kuyajua, nayo ni kubwa kuliko fedha. Mtu mwenye homa hunywa Panadol asubuhi. Mchana rafiki yake ampa dawa ya mafua yenye chapa nyingine. Usiku mkewe ampa ya tatu. Yeye adhani amekunywa dawa tatu mbali mbali, kumbe zote zina parasetamoli. Mtu mzima hana ruhusa kupita gramu 4 za parasetamoli kwa siku moja, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwani ikizidi huharibu ini hatta kuua. Ajuaye chapa tu hujidhuru bila kujua. Ajuaye jina la kiini hujilinda.

Jambo hili si geni kwa Waislamu. Abu Raihani al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, aliandika katika uzee wake kitabu juu ya ilimu ya dawa kiitwacho Kitab as-Saidana. Humo aliyakusanya majina ya kila dawa kwa lugha za mataifa: Kiarabu, Kiyunani, Kisuryani, Kiajemi na lugha za Bara Hindi. Alijua yakuwa mti mmoja huitwa hivi mahali hapa na vile mahali pale, na tabibu asiyejua hilo huweza kukosa dawa iliyo mbele ya macho yake, au kumpa mgonjwa kitu kingine badala yake. Huyu bwana alitaabika na majina ili watu wakifikie kitu chenyewe. Ni aibu watu wa zama hizi kushika jina na kukiacha kitu.

KWA NINI BEI NI NDOGO

Msemaji atasema: ikiwa kitu ni kimoja, mbona bei si moja? Swali hili ni la haki, na jawabu lake ni hili.

Kuvumbua dawa mpya ni kazi ya miaka mingi na mali nyingi. Hujaribiwa vitu elfu kikafaulu kimoja. Hujaribiwa kwa wanyama, kisha kwa watu wachache, kisha kwa watu wengi. Waswahili wamesema, ukiona vyaelea vimeundwa. Kwa hivyo sharia za nchi humpa mvumbuzi haki iitwayo hataza, ya kuwa asiiuze dawa ile mtu mwingine kwa muda maalumu. Kwa mapatano ya biashara ya mataifa yaliyotiwa sahihi mjini Marrakesh, nchi ya Moroko, mwaka 1994, muda huo ni miaka 20 tangu siku ya kupeleka maombi. Katika miaka hiyo mvumbuzi yu peke yake sokoni, naye hupanga bei apendavyo, akarudisha gharama zake na faida juu yake.

Muda ukiisha, mlango hufunguka. Viwanda vingine hupata ruhusa ya kuitengeneza dawa ile ile. Hawa hawana gharama ya kuvumbua, kwa kuwa njia imekwisha kuchongwa. Hawatumi watu wa kuisifu kwa madaktari, wala hawalipi matangazo makubwa. Tena wao ni wengi, na wauzaji wakiwa wengi bei hushuka, kama samaki wanavyoshuka bei siku mashua zote zirudipo zimejaa. Basi kilichopunguzwa ni faida na matangazo. Dawa yenyewe haikupunguzwa.

Walakini mtengenezaji haaminiwi kwa maneno yake. Kabla ya kupewa ruhusa hutakiwa aonyeshe kuwa dawa yake ina kiini kile kile, kwa kipimo kile kile, kwa namna ile ile ya kutumiwa. Kisha, kwa dawa nyingi za kumezwa, watu wazima wenye afya hupewa hii siku moja na ile siku nyingine, wakatolewa damu kila baada ya muda, ikapimwa ni kiasi gani kilichoingia katika damu na kwa upesi gani. Isipolingana haipewi ruhusa. Wakuu wa dawa wa Marekani walizitazama tena pima hizo 2,070 zilizofanywa tangu mwaka 1996 mpaka 2007, wakaona tafauti baina ya dawa ya kwanza na ile iliyoifuata, kwa wastani, ni kiasi cha 3 na nusu katika 100. Tafauti hiyo ni ndogo, wala haimdhuru mgonjwa wa kawaida.

Na Marekani ni nchi tajiri. Huko, katika kila vyeti 10 vya dawa vinavyotimizwa, 9 hutimizwa kwa dawa za jeneriki. Na juu ya wingi wao huo, fedha zitumikazo kwazo hazifiki sehemu moja katika tano ya gharama zote za dawa za vyeti. Ikiwa tajiri hakuona haya kununua kwa bei ya haki, masikini aona haya kwa lipi?

KHABARI YA KHWAJA ABDUL HAMIED NA MWANAWE

Iko khabari ambayo Muislamu hana budi kuijua. Mwaka 1935, katika mji wa Bombay, Muislamu aitwaye Khwaja Abdul Hamied, aliyekuwa amesoma ilimu ya kemia Bara Hindi na Ujerumani, alianzisha kiwanda cha dawa ambacho leo huitwa Cipla. Nchi yake ilikuwa chini ya Waingereza, na dawa nyingi zilikuja kwa meli kutoka ng'ambo. Baadaye mwanawe, Yusuf Hamied, naye akasoma kemia katika chuo kikuu cha Cambridge, akarudi kuishika kazi ya baba yake. Mwaka 1970 Bara Hindi ilitunga sharia mpya ambayo katika mambo ya dawa ililinda njia ya kutengeneza, na haikukilinda kitu chenyewe; kwa hivyo wenye viwanda wa huko wakajifunza kutengeneza dawa kwa njia zao wenyewe. Sharia hiyo ilibadilishwa mwaka 2005 ili ipatane na mapatano ya mataifa, lakini ilimu ilikuwa imekwisha kukaa mikononi.

Ulipokuja ugonjwa wa ukimwi, zikapatikana dawa za kuuzuia usiue. Mwisho wa miaka ya 1990, dawa hizo za mtu mmoja kwa mwaka mmoja zilikuwa zikigharimu zaidi ya dola 10,000 katika nchi za Ulaya na Marekani. Katika Afrika watu walikufa kwa mamilioni, na dawa ipo juu ya rafu. Mwezi wa Februari mwaka 2001 Yusuf Hamied alitangaza kuwa kiwanda chake kitawapa madaktari wa kutoa misaada dawa hizo hizo tatu kwa dola 350 kwa mtu kwa mwaka, yaani chini ya dola moja kwa siku. Watu wengi wa viwanda vikubwa walitilia shaka ubora wake. Lakini dawa zilipimwa, zikaonekana ni sawa. Mwezi wa Novemba wa mwaka huo huo, mataifa yaliyokutana mjini Doha, nchi ya Katari, yalikubaliana kuwa mapatano ya hataza hayapasi kuizuia nchi kuilinda afya ya watu wake. Viwanda vingine vikafuata, bei ikazidi kushuka, na mwaka 2017 yalifanywa mapatano ya kuuza dawa bora zaidi kwa kiasi cha dola 75 kwa mtu kwa mwaka.

Katika miji ya pwani wako watu leo wanaoswali safu ya kwanza, wanaolea watoto wao na kuozesha binti zao, ambao uhai wao, kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, sababu yake ni dawa zisizo na chapa kubwa. Amwambiaye mtu kuwa dawa za jeneriki hazifanyi kazi, basi na awatazame hao.

WASEMAYO WATU NA MAJIBU YAKE

Wako wasemao: Rahisi yavunja upishi. Jawabu: methali hiyo ni kweli kwa nazi mbovu na mchele wenye mchanga, kwa sababu huko urahisi umetokana na ubovu. Ama hapa urahisi umetokana na kwisha haki ya mvumbuzi na kuwa wauzaji ni wengi. Mwenye akili hutazama sababu ya kitu kuwa rahisi, kisha ndipo ahukumu.

Wako wasemao: Fulani aliinywa ile nyingine haikumfaa. Jawabu: huenda ni kweli, na iwapo ni kweli na amrudie daktari, asinyamaze. Lakini nafsi ya mtu nayo hudanganya. Mwaka 2008 ilitangazwa khabari ya majaribio yaliyofanywa Marekani kwa watu 82. Wote walipewa vidonge visivyo na dawa yoyote ndani yake, na wote wakaambiwa ni dawa mpya ya kutuliza maumivu. Nusu yao wakaambiwa bei yake ni dola 2 na nusu kwa kidonge. Nusu wakaambiwa bei imeteremshwa mpaka senti 10. Walioambiwa ni ghali, 85 katika 100 walisema maumivu yamepungua. Walioambiwa ni rahisi, 61 katika 100. Na wote walimeza kitu kisicho dawa! Tafauti baina yao ilikuwa ni bei tu, nayo ilikuwa masikioni.

Wako wasemao: Daktari ndiye aliyeandika jina lile, na si adabu kumpinga. Jawabu: kuuliza si kupinga. Na aseme kwa upole, "Daktari, kuna dawa ya kiini hiki hiki kwa bei nafuu, nayo yanifaa?" Daktari mwema hatakasirika, wengi wao hawajui hatta bei zilizoko madukani. Na kwa muuza dawa aseme, "Ami, hii kiini chake ni nini, na iko ya kiwanda kingine iliyosajiliwa?" Maneno haya hayazidi pumzi moja, na huenda yakaokoa karo ya mtoto.

Wako wasioyasema, lakini wamo nayo moyoni: wanaona dawa ya bei ndogo ni dawa ya wanyonge, na dawa itolewayo katika hospitali ya serikali ni dhaifu kwa kuwa haina kasha la kung'aa. Maradhi haya ni ya moyo, nayo ni mabaya kuliko yale ya mwili. Qurani Tukufu imewahisabu wafujao mali kuwa ni wenzi wa mashetani, na imewasifu waja wa Rahmani kwa kuwa hawapiti kiasi katika kutoa wala hawajibani, bali hushika njia ya katikati. Anunuaye kasha kwa fakhari, na mkewe hana mboga, amekwisha kutoka katika njia hiyo.

Na ifanywe hesabu ya mfano tu, ili jambo lionekane wazi. Kidonge cha chapa kikiwa ni shilingi 60, na cha jeneriki shilingi 10, anayekunywa kimoja kila siku ataokoa shilingi 50 kwa siku. Kwa mwezi ni shilingi 1,500. Kwa mwaka wa siku 365 ni shilingi 18,250. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hiki kilikuwa kikimwagwa baharini.

SI KILA RAHISI NI DAWA

Haifai mtu kuusikia waadhi huu nusu, akaenda kununua vidonge vilivyotandazwa juani sokoni. Dawa ya jeneriki ni kitu kimoja, na dawa ya kughushi ni kitu kingine. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2017 kuwa katika nchi za kipato kidogo na cha kati, kiasi cha dawa moja katika kila 10 ni mbovu au ni ya kughushi. Na mghushi huiga jina lenye soko, kwa hivyo chapa kubwa nayo si kinga. Mara nyingi ndiyo inayoigwa.

Basi mnunuzi na ashike mambo haya. Anunue katika duka lenye leseni, si kwa mchuuzi wa njiani. Atazame kasha halikufunguliwa, tarehe ya mwisho haikupita, na jina la kiwanda na nambari ya toleo zimeandikwa. Aulize kama dawa imesajiliwa na wenye amri ya jambo hilo: Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu, Tanzania Bara ni mamlaka ya dawa na vifaa tiba iitwayo TMDA, na Zanzibar wanao wakala wao wenyewe wa chakula na dawa. Dawa ikiwa na harufu geni, au vidonge vimevunjika na kubadilika rangi, airudishe na awape khabari.

Tena ziko dawa chache ambazo mgonjwa asizibadilishe kwa nafsi yake hatta kidogo. Nazo ni dawa za kifafa, na dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, na dawa za tezi ya shingo, kwa sababu kipimo chake ni chembamba: ikizidi kidogo hudhuru, ikipungua kidogo haifai. Kadhalika sindano za insulini, na vifaa vya pumu vya kuvuta kwa mdomo, kwa kuwa kila kimoja kina namna yake ya kutumiwa. Hizi nazo huenda zikawa na za bei nafuu, lakini abadilishe daktari, na mgonjwa aangaliwe baada yake.

Na vitu vinavyoshikanisha kidonge, na rangi yake, na ganda lake, huweza kuhitilafiana baina ya kiwanda na kiwanda. Mtu ambaye mwili wake hukataa kitu fulani, au mwenye shaka juu ya asili ya ganda la kapsuli, na amuulize muuza dawa. Mara nyingi hupatikana kidonge kisicho ganda. Wala asiiache dawa kwa shaka tu pasipo kuuliza.

KWA WAUZAJI NA WAANDIKAJI WA DAWA

Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni Madina akatia mkono katika chungu ya nafaka, vidole vyake vikapata umaji ndani. Mwenye nafaka akajibu kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume akamkemea kwa kuwa hakuuweka ule umaji juu watu wakauona, akajiepusha na kila mwenye kughushi. Mtu yule hakusema uwongo. Alinyamaza tu juu ya lililofichika.

Basi muuza dawa na ajitazame. Mgonjwa masikini amesimama mbele yake, na chini ya meza iko dawa sawa na ile kwa sudusi ya bei. Naye anyamaza, ampa ya ghali kwa kuwa faida yake ni kubwa. Hakusema uwongo, walakini umaji umo ndani ya chungu. Na daktari aandikaye chapa moja daima kwa sababu ya zawadi na safari alizopewa na wenye chapa hiyo, na ajiulize kama zawadi ile ingalimfikia lau asingalikuwa na kalamu ile mkononi. Mgonjwa ni amana, na ujinga wake si mlango wa riziki.

Na faida ya halali haikukatazwa. Muuza dawa aliye mkweli hupata wateja wengi, wakampenda, wakaleta na jirani zao. Na faida ndogo ya watu mia ni kubwa kuliko faida kubwa ya watu watatu, tena ina baraka.

MALI ILIYOOKOKA IENDE WAPI

Waislamu wa zamani hawakutosheka na kuokoa mali. Waliipeleka mahali pake. Sultani Nuru Ddin alijenga hospitali mjini Damaskasi mwaka 1154, na Sultani Qalawun akajenga nyingine mjini Kairo mwaka 1284, zote zikiendeshwa kwa mali ya wakfu, na masikini akitibiwa na kupewa dawa bila kutoa kitu. Hayo waliyafanya wafalme. Lakini jamaa wa msikiti mmoja, wakiwa watu 40, kila mmoja akatoa sehemu ndogo ya kile alichookoa katika dawa zake mwenyewe, waweza kuwa na sanduku la kuwalipia dawa wajane na wazee wa mtaa. Na waliweke kwa utaratibu: cheti cha daktari kiletwe, fedha zilipwe dukani moja kwa moja, na hesabu iandikwe na watu wawili waaminifu. Wasigawe dawa wenyewe, wala wasimpe mtu vidonge vilivyobaki kwa mwingine, kwani hilo ni kazi ya wenye ilimu yake.

Tena kila mtu, leo hii kabla ya kulala, na atoe makasha ya dawa yaliyomo nyumbani mwake. Asome jina dogo lililo chini ya jina kubwa, aliandike juu ya karatasi pamoja na kipimo chake, na karatasi ile aiweke katika pochi yake. Asiyejua kusoma na amtume mwanawe amsomee. Siku atakapokwenda kununua tena, karatasi hiyo ndiyo itakayosema kwa niaba yake.

Mtume, rehema na amani zimshukie, amewahimiza watu wajitibu, akajulisha kuwa hapana maradhi yaliyoteremshwa illa yana poza yake. Poza imo katika kiini cha dawa, kwa idhini ya aliyeiumba. Haimo katika rangi ya kasha wala katika ukubwa wa herufi. Mgonjwa hanywi jina.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wa Kiislamu na wa watu wote, awape masikini njia ya dawa zao, awajaalie wauzaji ukweli na waandikaji uadilifu, na aihifadhi mali ya umma isipotee katika upuuzi. Amin.

Wa billahi ttaufiq.